Kumbukumbu ya Seli T: Kwa Nini Kifua Kikuu Humrudia Mchimba Dhahabu

Seli T ni kundi la seli nyeupe za damu zinazoshughulika na adui aliyekwisha kupenya na kujificha ndani ya seli za mwili, mahali ambapo kingamwili zinazoelea kwenye damu hazimfikii. Huanzia kwenye uboho wa mifupa, huenda kukomaa katika thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, kisha hutawanyika kwenye damu na kwenye tezi za limfu. Kila moja hutoka huko ikiwa na kipokezi chake, kinachotambua kipande fulani cha protini ya kigeni. Ikikutana na kipande hicho huzaliana kwa wingi, hupambana, na adui akiisha, sehemu ndogo ya kizazi chake hubaki na kumbukumbu. Mwili ukivamiwa tena na adui yuleyule, seli hizo za kumbukumbu huwahi kuamka.

Kumbukumbu hiyo ni mojawapo ya sababu za mtu aliyeugua surua utotoni kutougua tena. Kwa kifua kikuu mambo hayaendi hivyo. Mtu huugua, hutumia dawa, hupona, na bado anaweza kuambukizwa upya na kuugua mara ya pili. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, kuanzia Nyarugusu na Rwamagasa hadi Kakola na Mwakitolyo, suala hili lina uzito wa pekee. Wachimbaji wadogo hufanya kazi wakiwa wamebanana kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yasiyo na hewa ya kutosha, hulala wengi katika vibanda vidogo, na huvuta vumbi la mwamba kutwa nzima. Aliyepona hurudi palepale alipoambukizwa. Kinga yake itamsaidia kwa kiasi gani? Sehemu kubwa ya jibu imetokana na utafiti wa miaka zaidi ya 60 kwa panya wa maabara.

Panya na Listeria

Panya hao ni wale wadogo wa kufugwa maabara, si panya buku waliofundishwa mjini Morogoro kunusa makohozi na kubaini yenye kifua kikuu. Mwaka 1961, huko London, mtafiti Jacques Miller aliwatoa thaimasi panya waliozaliwa punde, akaona kwamba wakikua wanakosa limfosaiti nyingi, yaani seli nyeupe za kundi ambalo seli T zimo, na wanashindwa kupambana na maradhi. Hapo ndipo tezi iliyokuwa ikidhaniwa haina kazi ilipotambuliwa kuwa ndiyo shule ya seli T.

Mwaka uliofuata George Mackaness, aliyekuwa Canberra, Australia, alitoa matokeo ya majaribio yake ya bakteria aitwaye Listeria, ambaye kwa binadamu huingia mwilini kupitia chakula. Panya waliopona maambukizi ya kwanza walipopewa bakteria hao tena, kwa kiwango ambacho kingemuua panya asiyewahi kuambukizwa, walistahimili. Baadaye, mwaka 1969, Mackaness alionyesha kwamba ulinzi huo unaweza kuhamishwa kutoka panya mmoja hadi mwingine kwa kumpa limfosaiti za aliyepona. Ulinzi ulikuwa ndani ya seli zenyewe.

Tangu wakati huo Listeria amekuwa kielelezo cha namna seli T zinavyoitikia maambukizi yanayojirudia. Katika maambukizi ya kwanza, seli T zenye kipokezi kinachofaa huwa chache sana: kwa kipande kimoja cha protini, panya mzima anaweza kuwa na makumi au mamia tu. Ndani ya siku 7 au 8 huongezeka maelfu ya mara na kuwamaliza bakteria. Kisha hufa kwa wingi. Hubaki kati ya asilimia 5 na 10, nazo ndizo za kumbukumbu. Panya akiambukizwa mara ya pili, seli hizo huanza zikiwa nyingi kuliko zile za mwanzo, huamka mapema, na huua bakteria kabla hawajazagaa kwenye ini na wengu. Kwa Listeria, basi, kuambukizwa tena humkuta panya akiwa imara zaidi.

Bakteria asiye na haraka

Bakteria wa kifua kikuu hafuati mkondo huo. Listeria huongezeka kwa saa, naye huhitaji karibu siku nzima ili agawanyike mara moja. Akivutwa mapafuni humezwa na makrofaji, yaani seli walaji ambazo kazi yake ni kumeza na kusaga uchafu na vijidudu, lakini huzuia seli hizo zisimsage na hukaa humohumo ndani akiongezeka polepole.

Panya anayepuliziwa hewa yenye bakteria 50 hadi 100 huonyesha mwenendo unaotabirika. Kwa wiki ya kwanza seli T hazina habari. Bakteria wa kwanza hufika kwenye tezi za limfu zilizo jirani na mapafu baada ya siku 8 au 9, na hapo ndipo seli T huanza kuamshwa. Seli zilizoamshwa hufika mapafuni kwa wingi kati ya siku ya 15 na ya 20. Kufikia wiki ya nne bakteria huwa wameshakaribia milioni moja. Seli T huwazuia wasiongezeke zaidi, lakini haziwamalizi. Idadi hukaa palepale kwa miezi, na baadaye panya huanza kudhoofika.

Silaha kuu ya seli T katika vita hivi ni interferoni gama, protini zinayoitoa ili kuzipa makrofaji nguvu ya kuua bakteria waliomo ndani yake. Mwaka 1993 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani yalionyesha kwamba panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza protini hiyo hufa upesi wakiambukizwa kifua kikuu. Panya wasio na seli T za aina ya CD4 nao hawadumu. Seli za CD4 ndizo zinazoharibiwa na virusi vya UKIMWI, na ndiyo sababu mtu mwenye VVU asiyetumia dawa huwa katika hatari kubwa ya kuugua kifua kikuu.

Panya aliyetibiwa kifua kikuu hadi akapona, kisha akapuliziwa bakteria upya, huonyesha mpaka wa kumbukumbu. Seli zake za kumbukumbu huwahi kufika mapafuni kwa siku kadhaa tu, na bakteria wake huishia kuwa pungufu mara 10 hivi kuliko wa panya asiyewahi kuambukizwa. Chanjo ya BCG humpa panya ulinzi wa kiwango kama hicho. Laki moja badala ya milioni moja si tofauti ya kupuuzwa, kwani huweza kurefusha maisha. Lakini maambukizi hayajazuiwa.

Alichoona Koch

Tofauti kati ya maambukizi ya kwanza na ya pili ilishaonekana hata kabla seli T hazijajulikana. Robert Koch, daktari Mjerumani aliyemtangaza bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ambaye miaka ya 1906 na 1907 aliweka kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, kuchunguza malale, alilieleza jambo hilo mwaka 1891. Alitumia simbilisi. Aliyekuwa mzima akichomwa sindano ya bakteria, kidonda hufunga kana kwamba kimepona. Baada ya siku 10 hadi 14 uvimbe mgumu hutokea, hupasuka, na kidonda hakiponi tena mpaka mnyama anakufa. Aliyekwisha kuambukizwa wiki 4 hadi 6 nyuma akichomwa tena, ngozi hukakamaa ndani ya siku moja au mbili, huwa nyeusi, hubanduka, na kidonda hupona haraka.

Mwili ulimtambua adui na kumfukuza mlangoni. Lakini simbilisi huyo bado alikufa kwa maambukizi yake ya kwanza, yaliyokuwa yameshajikita ndani. Kipimo cha Mantoux, ambacho bado hutumika, kimejengwa juu ya mwitikio huohuo: protini za bakteria huchomwa ndani ya ngozi ya mkono, na baada ya saa 48 hadi 72 mhudumu hupima upana wa uvimbe mgumu uliojitokeza. Uvimbe huo ni kazi ya seli T zenye kumbukumbu. Husema kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria. Hausemi kwamba mtu amekingwa.

Mwitikio ukipita kiasi

Ingedhaniwa kwamba dawa ni kuzichochea seli T mara nyingi iwezekanavyo. Panya wanapinga. Seli T zina kipokezi kiitwacho PD-1 kinachofanya kazi kama breki, kikizipunguza kasi zinapochochewa muda mrefu. Panya waliozaliwa bila breki hiyo walitarajiwa kukishinda kifua kikuu kwa urahisi. Walipoambukizwa, walikufa upesi kuliko panya wa kawaida, mapafu yao yakiwa yameharibiwa na mwitikio wa seli zao wenyewe.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahusu panya wenye kifua kikuu waliochanjwa BCG mara kwa mara baada ya kuambukizwa. Kila dozi iliongeza protini iitwayo interlukini 17, ambayo huita kundi jingine la seli nyeupe kumiminika mapafuni. Panya hao hawakupata nafuu. Mapafu yao yaliharibika zaidi.

Pia si kila seli T iliyoamka ina faida sawa. Baadhi hupenya hadi ndani ya nyama ya pafu, zikazikaribia makrofaji zenye bakteria. Hizo ndizo zinazozuia ugonjwa. Nyingine hubaki ndani ya mishipa ya damu zikitoa interferoni nyingi bila kumfikia adui. Kwa hiyo wingi wa seli T kwenye damu hautoshi kuwa kipimo cha kinga. Mahali zilipo, wakati zinapofika na kiasi cha mwitikio wake vyote vina uzito.

Vumbi la duara

Panya wa maabara huvuta hewa safi. Mchimbaji hana bahati hiyo. Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi imo katika mikanda ya mawe ya kwatzi, na kwatzi ni silika. Mchimbaji anapochoronga mwamba mkavu ndani ya duara, vumbi hufunika uso, nguo na mwanga wa tochi ya kichwani. Mawe yakishatolewa juu hupondwa kwa nyundo, mara nyingi na wanawake, kisha husagwa kwenye karasha, na vumbi huendelea kuruka. Punje zinazoonekana si hatari zaidi. Zilizo ndogo mno kuonekana ndizo zinazofika hadi mwisho wa njia za hewa mapafuni.

Vipimo vya hewa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tanzania, vilivyochapishwa mwaka 2015, vilionyesha ukubwa wa tatizo. Wastani wa silika kwa wanaochoronga chini ya ardhi ulikuwa miligramu 16.85 katika kila mita ya ujazo ya hewa, yaani mara 337 ya kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya usalama kazini ya Marekani, ambacho ni miligramu 0.05. Kwa wanaofanya kazi juu ya ardhi wastani ulikuwa miligramu 0.19, karibu mara 4 ya kiwango hicho.

Punje za silika humezwa na makrofaji, zilezile ambazo bakteria wa kifua kikuu hujificha ndani yake na ambazo seli T hutegemea ziwaue. Makrofaji haiwezi kusaga jiwe. Hujeruhiwa, hufa, na kuiachia punje imezwe na nyingine. Pafu huvimba na kujaa makovu, hali iitwayo silikosisi. Hivyo hata seli T ikiwa na kumbukumbu timamu na ikatoa interferoni ya kutosha, inaiamuru makrofaji iliyokwisha kulemazwa. Mwenye silikosisi ana hatari ya kuugua kifua kikuu mara 3 au zaidi ya asiye nayo, na hatari hiyo humfuata hata baada ya kuacha kazi ya mgodini, kwa kuwa silika haitoki. VVU vikiongezeka juu yake, hatari huzidishana.

Ushahidi kwa binadamu

Je, maambukizi ya kwanza humlinda binadamu na ya pili? Katika miaka ya 1920, daktari Johannes Heimbeck wa hospitali ya Ullevål, Oslo, aligundua kwamba wanafunzi wauguzi walioingia kazini bila dalili ya kuwahi kuambukizwa waliugua zaidi kuliko wenzao ambao ngozi zao zilishaitikia kipimo. Uchambuzi wa tafiti za zamani za namna hiyo, uliochapishwa mwaka 2012, ulikadiria kwamba waliokuwa na maambukizi yaliyotulia walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 79 walipokutana na bakteria tena.

Lakini hao walikuwa watu ambao miili yao iliyadhibiti maambukizi yenyewe. Waliougua kabisa kisha wakapona kwa dawa ni kundi jingine. Utafiti wa mwaka 2005 katika mitaa ya Cape Town ulionyesha kwamba waliomaliza matibabu waliugua kwa maambukizi mapya mara 4 ya kiwango cha wagonjwa wapya katika jamii. Huenda ugonjwa wa kwanza uliwachagua wenye udhaifu tangu mwanzo, au uliacha mapafu yakiwa na majeraha. Vyovyote iwavyo, kupona hakukuwapa ngao.

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini imetoa somo la karibu zaidi. Mwaka 2001 yalitolewa matokeo ya wachimbaji 326 waliofuatiliwa baada ya kupona. Kwa kulinganisha alama za vinasaba vya bakteria, watafiti waliweza kutenganisha ugonjwa wa zamani ulioamka na maambukizi mapya kabisa, na wenye VVU ndio hasa waliopata maambukizi mapya. Baadaye ukaja mradi wa Thibela TB, ambapo migodi iliwapa wafanyakazi wote waliokubali, wasio wagonjwa, dawa ya kinga ya aizoniazidi kwa miezi 9. Wakati wa kumeza dawa, ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Dawa ilipokwisha, faida ilitoweka upesi, na kwa jumla kiwango cha ugonjwa migodini hakikubadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Chanjo: kuikumbusha kumbukumbu

BCG, iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1921, hutolewa kwa watoto wa Tanzania wanapozaliwa na huwakinga vizuri dhidi ya aina kali za utotoni, kama ile ya utando wa ubongo. Kwa watu wazima ulinzi wake dhidi ya kifua kikuu cha mapafu hufifia. Kuirudia hakukusaidia: jaribio kubwa la Karonga, kaskazini mwa Malawi, lililotoa matokeo mwaka 1996, lilionyesha kwamba dozi ya pili ya BCG ilipunguza ukoma kwa karibu nusu bila kuongeza kinga ya kifua kikuu.

Tanzania yenyewe imechangia katika kutafuta njia nyingine. Kati ya mwaka 2001 na 2008, jaribio la DarDar jijini Dar es Salaam liliwahusisha watu 2,013 wenye VVU waliokuwa na kovu la BCG. Nusu yao walipewa dozi 5 za bakteria aliyeuawa, ndugu wa yule wa kifua kikuu, ili kuziamsha upya seli T zilizofundishwa na BCG. Kifua kikuu kilichothibitishwa kilipungua kwa asilimia 39. Chanjo nyingine, M72, ilijaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini kwa takriban watu wazima 3,500 waliokwisha kuambukizwa bila kuugua, ikapunguza ugonjwa kwa karibu nusu katika miaka 3. Hatua ya mwisho ya majaribio yake ilianza mwaka 2024.

Kinachowezekana sasa

Hadi chanjo bora ipatikane, mchimbaji wa Geita na Shinyanga hawezi kutegemea kumbukumbu ya seli zake peke yake. Silaha zilizopo zinajulikana. Kuchoronga kwa maji na kulowesha mawe kabla ya kuyaponda hupunguza vumbi linaloruka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii punje ndogo za silika. Barakoa maalumu ya vumbi husaidia, ingawa haichukui nafasi ya maji na hewa ya kutosha. Dawa za VVU hurudisha seli za CD4, na dawa za kinga huwasaidia waishio na VVU.

Matibabu nayo yana historia ya kujivunia. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na utaratibu wa tiba fupi inayosimamiwa kwa karibu, alioujenga hapa Karel Styblo pamoja na madaktari wa Tanzania, ndio uliokuja kuwa kielelezo cha dunia nzima. Dawa hutolewa bure na humezwa kwa miezi 6. Hatari kwa wachimbaji ni kuhama: dhahabu ikisikika kwingine, watu huondoka, na dozi hukatika njiani. Anayehama apewe barua ya uhamisho ili aendelee na dawa katika kituo cha afya cha huko aendako.

Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku au anayekonda bila sababu apeleke makohozi yapimwe. Mwenye VVU asisubiri wiki 2. Na aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona asijihesabu kuwa amechanjwa: akianza kukohoa tena, apime upya, awaeleze wahudumu kwamba aliwahi kutibiwa, na awataje anaofanya nao kazi katika duara na anaolala nao ili nao wapimwe.